Mguu Juu ya Spika

Katika bendi yetu kila mtu alikuwa na neno juu ya besi yangu. Dada anayeimba alisema inammeza sauti. Kiongozi wetu, anayepiga kinanda, alisema inamgonga kifuani, tena kinanda chake kina besi ya mkono wa kushoto, kwa hiyo nikiona vibaya nikae nyumbani. Aliyenitetea alikuwa mmoja tu, mpiga drams. Kila nilipopunguza, alininyooshea dole gumba juu, ongeza. Nami nikavimba kichwa. Nikajiambia, angalau humu kuna mtu mwenye masikio.

Mazoezi tulifanyia Malaba, chumba cha nyuma ya duka la vipuri, kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kungoja kuvuka. Siku za kazi mimi hutengeneza simu Busia mjini, naye mpiga drams ni fundi wa kuchomelea mageti, kutwa nzima anashinda na grainda, ile mashine ya kukatia vyuma. Alikuwa na tabia moja. Kabla ya kupiga alivua kiatu cha kushoto na kuweka unyayo juu ya spika yangu. Dada alimcheka, akasema mzee anaanika soksi. Mimi niliona ni mapenzi ya muziki.

Jumamosi moja tukiwa katikati ya wimbo, lori likawashwa nje na sakafu yote ikatetemeka. Mpiga drams akapotea. Fimbo zilibaki hewani, akautazama mguu wake, kisha akavitazama vidole vyangu kama mtu anayetafuta funguo. Tulipopumzika nilisimama nyuma yake nikamwita, "Mzee." Kimya. Nikaita tena kwa nguvu zaidi. Kimya. Basi nikagusa uzi mnene wa gitaa, hata sijui kwa nini. Akageuka hapo hapo.

"Tunaanza?" akauliza.

Nilielewa yote kwa mara moja, na yaliniuma mara mbili. Nilimhurumia yeye, halafu, nisidanganye, nikajihurumia mimi. Kumbe shabiki wangu wa pekee hakuwa anapenda ufundi wangu. Alikuwa ananishika tu, kama unavyoshika ukuta stima ikipotea usiku.

Nilimfuata nje. Nilipofungua mdomo alinitangulia.

"Ni grainda," alisema. "Sauti za watu zinapotea. Hizo nene ndio bado naskia, na mguu inanisaidia. Usiambie hawa. Boss akijua, mimi nimeenda."

Hakuwa anaongeza chumvi. Kiongozi wetu alishamwondoa mpiga tarumbeta aliyeng'oka meno ya mbele, hata kabla fizi hazijapona.

"Si uko na kazi ya mageti?" nikamuuliza, nikihakikisha anaona mdomo wangu.

"Mageti ni ya kulisha watoto," akasema. "Drams ni yangu mimi."

Kutoka siku hiyo sikuwa na raha. Mimi hata kwa kawaida si mtu wa kutulia, goti langu hucheza chini ya meza mpaka wateja wanauliza kama nina homa. Sasa ikawa balaa. Jicho moja lilikuwa kwa kiongozi, jingine kwa mpiga drams. Kiongozi akimwita na yule asiitike, nilikuwa nagusa uzi mnene haraka, nikijifanya naulegeza na kuukaza.

"Wewe huchoki kutiuni?" kiongozi aliniuliza.

"Hizi nyuzi ni za ng'ambo, boss. Hazishiki."

Na kila walipotaka nipunguze sauti, nilikataa. "Sikio la kufa halisikii dawa," dada aliniambia siku moja akicheka. Alikuwa ananitania mimi, lakini mpiga drams alikuwa amekaa pale pale akitutabasamia sote.

Halafu tukapata harusi Namboboto. Nilifurahi sana. Namboboto ni mashamba ya mihogo na mahindi, huko hakuna foleni ya malori ya kumchanganya mtu. Lakini waya wa jenereta ulikuwa mfupi, wenye harusi wakaiweka ikigusa jukwaa la mbao kwa nyuma, na mbao zote zikawa zinanguruma. Isitoshe, kiongozi alikuwa ameshanipunguza kwenye miksa ya sauti bila kuniambia.

Bibi harusi akaanza kuingia kwa ule mwendo wao wa kusita, mguu mbele, simama, mguu mbele, simama. Drams zikaanza kukaza mwendo. Nilimtazama mpiga drams, unyayo juu ya spika, uso umetulia kabisa. Alikuwa anafuata jenereta. Wasimamizi wakaanza kwenda mchakamchaka. Vitoto vya maua vikakimbia. Bibi harusi akakunja gauni mkononi, na shangazi zake, wakidhani ndiyo mtindo wa siku hizi, wakapiga vigelegele na kukimbia naye.

Nilisogea mpaka kwenye spika, nikaisukuma kwa goti hadi ikagusa kiti chake. Kisha nikaacha madoido yangu yote, zile mbio za vidole nilizozifanyia mazoezi miaka na miaka, nikapiga noti moja nene kwa kila hatua. Moja. Moja. Moja. Aliinua macho, akanipata. Bibi harusi akafika hemani akitembea, ingawa alikuwa anahema.

Tulipokuwa tunapakia vyombo, kiongozi aliuliza nani ameharibu.

"Ni mimi, boss," nikasema. "Nilikimbiza."

Alinitazama, kisha akamtazama mpiga drams. "Hiyo kitu ikirudia, mmoja ataenda." Hakusema ni nani.

Njiani mpiga drams alinigusa bega. "Ile ya mwisho, ya moja moja, hiyo nilikuskia vizuri. Zile zingine labda ni tamu, lakini huwa sijui uko wapi."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa nimejitoa kafara kwa ajili yake, naye ananiambia ule ufundi wangu wote ni kelele tu. Njia nzima mpaka Busia nilitafuna ukucha hadi ukatoka damu.

Mazoezi yaliyofuata nilipiga moja moja. Vidole viliniwasha, nikawa nabadilisha mguu huu na huu kama mtu aliyebanwa na haja. Drams zilikaa kwenye mstari bila kuyumba. Wimbo ulipoisha dada alinipigia makofi. "Leo umeokoka! Hiyo besi sasa ina adabu." Nilitabasamu kwa meno tu.

Nje malori yakawashwa, foleni ilikuwa inasonga. Sakafu ikaanza kutetemeka. Mpiga drams alikuwa ametugeuzia mgongo, ameinamia mfuko wake akitafuta fimbo nyingine, na kiongozi alikuwa anataka tuendelee. Nilimwona akifungua mdomo kumwita. Mkono wangu ukakimbilia uzi.

Lakini hakumwita. Aliufunga mdomo, akanyoosha mkono kwenye miksa, akapandisha besi yangu yeye mwenyewe. Kisha akanigeukia, akaonyesha gitaa langu kwa kidevu.

"Mwite," akaniambia.

Nilimtazama dada. Hakushangaa, naye alikuwa ameshajua. Alikuwa ameshasogeza maikrofoni yake akaigeuza upande wa drams, aimbe akimtazama mzee.

Nikagusa uzi mnene. Mpiga drams akainua kichwa.

"Tunaanza?" akauliza.

"Tunaanza, mzee," tukajibu sote watatu, polepole, tumemwelekea ili aone midomo yetu.