Mama Ntilie Amechuja

Jamani, tangu juzi natamani kupika nimejifunika kanga usoni.

Mimi ni mama ntilie hapa Mfaranyaki, jirani na kibanda cha bahati nasibu. Afisa wao mmoja, kijana tu, alikula kwangu akabakiza nusu ya ugali. Nikamtilia shaka hapohapo. Kisha nikamsikia kwenye simu: "Mama Ntilie tunamwondoa kesho. Amechuja, watu hawamtaki. Mashine naihamishia Msamala."

Nimechuja mimi? Na mashine gani, kama si yangu ya juisi? Nikajua kuna mwanamke wa Msamala amemhonga ili achukue kijiwe changu.

Kesho yake aliposhuka kwenye gari, nilimzibia njia na mwiko juu. "Huniondoi! Aliyechuja ni mama yako!"

Wateja wakaacha kula. Kijana akafungua boksi la kadi za kukwangua. "Shikamoo, mama. Tunauondoa mchezo huu. Jina lake ni Mama Ntilie. Mashine ni ile ya tiketi, ya kibandani."

Kwenye kadi amechorwa mwanamke mnene, kanuna, kanyanyua mwiko. Mteja mmoja akaitazama kadi, akanitazama mimi, akamuuliza afisa:

"Sasa huyu mmoja mbona mnamwacha?"