Fundi wa Owino na mfuko mmoja wa mapacha wawili

Saa tatu asubuhi, siku ya Alhamisi, mkasi wa Proscovia Babirye umelala mezani na mwenyewe hataki kuushika. Mbele yake kuna mfuko wa fulana, ule wa kifuani, wa kijivu, mkubwa kama kiganja cha mtu mzima. Ameufumua jana na sasa ameulaza juu ya ukurasa wa gazeti. Kwenye benchi la wateja, mwenye mfuko amekaa na mkoba mapajani, na chai aliyonunuliwa inapoa.

"Kunywa, Nnalongo," Babirye anamwambia. "Chai haina kosa."

"Nitakunywa ukishakata."

Mzee Ssempala, fundi wa zipu ambaye meza yake imegusana na ya Babirye kwa miaka tisa, anainua miwani. "Kata, mama. Mimi nikiharibu zipu nabadilisha zipu."

"Zipu zako ziko dukani, Mzee. Huu uko mmoja duniani."

Hapa ni soko la Owino, Kampala, kwenye safu ya mafundi cherehani nyuma ya wauza mitumba. Babirye, mwenye umri wa miaka arobaini na mitatu, hashoni kitambaa kipya. Anashona fulana kuukuu tu. Zile zilizopauka, zilizotoboka kwapani, za kampeni za mwaka juzi, za harusi ambayo bwana na bibi wameshaachana. Mikononi mwake zinatoka magauni ya watoto, sketi, vilemba, mikoba na mazulia ya mlangoni, na ukimuuliza kama kuna fulana iliyowahi kumshinda anacheka kwanza kabla ya kujibu kwamba hakuna.

Alianza kama muuzaji wa kawaida wa mitumba. Kila robota lilikuwa na fulana za chini kabisa, zile ambazo hata bure watu hawachukui, na mafundi magari walikuja kuzinunua kwa kilo wafutie oili. "Nikaona aibu," anasema. "Pamba nzuri ile inakwenda kufuta injini. Nikazuia kilo tano, nikashona mikoba sita mibaya sana. Ikanunuliwa yote."

Mpaka leo anagombania mali na watu wa gereji. Kilo moja anainunua shilingi elfu tatu za Uganda, na mkoba mmoja mzuri anauuza elfu ishirini na tano. Ada za shule za watoto wake watatu zimetoka humo, na mkubwa sasa yuko chuo cha ualimu.

Fulana ni kitambaa kikaidi. Inavutika chini ya mguu wa cherehani, mshono unatoka umejikunja kama njia ya kuku. Dawa ya Babirye ni gazeti. Analitandika chini ya kitambaa, anashona vyote pamoja, halafu anachana karatasi taratibu na mshono unabaki umenyooka. Mwandishi wa makala hii alipofika mara ya kwanza na kujitambulisha, aliulizwa ni wa gazeti gani, na alipolitaja Babirye akatikisa kichwa kwa heshima.

"Lenu zuri," alisema. "Ukurasa wa minada hauachi wino. Ila habari za siasa zinachafua nguo."

Kuna kazi nyingine ambayo wateja hawaioni. Fulana iliyochoka kabisa Babirye anaikata kwa kuizungusha, kuanzia pindo la chini hadi kwapani, ikawa utepe mmoja mrefu usiokatika. Akiuvuta, utepe unajikunja wenyewe na kuwa uzi mnene. Anaviringisha mabonge, anayatia kwenye gunia na kuyapakia kwenye basi la Masaka kila Jumatatu. Huko kuna mtu anayeyafuma kwa sindano ya ndoana, na Ijumaa gunia linarudi na mikoba na mazulia ambayo wageni wa mahoteli wanavigombania. Kila mkoba unashonwa lebo ndogo ya kitambaa iliyoandikwa BABIRYE. Mfumaji wa Masaka ni pacha wake, Nakato.

Kwa Waganda, wa kwanza kutoka tumboni akiwa msichana ni Babirye na wa pili ni Nakato. Wavulana ni Wasswa na Kato. Ni kama wengine wanavyosema Kulwa na Doto. Mama yao huitwa Nnalongo na baba yao Ssalongo mpaka kufa, na jina walilobatizwa linasahaulika. Sheria kubwa ya nyumba ya mapacha ni moja: hapunjwi mtu. Ukimpa mmoja ndizi mbili, mwenzake zake ni mbili, na zisipishane hata kwa ukubwa. Ukikosea, aliyepunjwa ataugua, na lawama ni zako.

Nnalongo aliyekaa benchini ni mjane. Mumewe alikuwa seremala Ndeeba, na kazini alivaa fulana moja ya kijivu yenye mfuko kifuani. Mfuko huo ulibeba penseli, na kila jioni ulibeba kabalagala mbili, vile vidonge vya ndizi na muhogo vilivyokaangwa, zikiwa bado na moto. Wanawe Wasswa na Kato walikuwa wanamkimbilia njiani na kuingiza mikono yote miwili kwa pamoja. Mafuta ya miaka mitatu yameacha doa kwenye kitako cha mfuko. Limefuliwa, limekwanguliwa, halikutoka, na sasa hakuna anayetaka litoke.

Ssalongo alifariki mwaka jana kwa maradhi ya figo. Jumamosi hii ukoo unakusanyika Butambala kumaliza msiba, na watoto wake wote wataitwa mbele wasimame waonekane. Nnalongo alitaka wanawe wa miaka sita wasimame wakiwa wamevaa nguo ya baba yao.

"Sikuwa na kingine cha kugawa," anasema. "Misumeno walichukua kaka zake."

Wiki mbili zilizopita alileta fulana hiyo kwa Babirye. Kwa fundi wa kiwango chake ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Upande wa mbele ukawa shati la Wasswa, na mfuko wake ukiwa palepale ulipokuwa. Upande wa nyuma ukawa shati la Kato, na ili asikose, Babirye akamkatia mfuko kutoka kwenye mkono wa fulana ileile. Ukubwa uleule, uzi uleule. Nnalongo alishukuru, akafunga na kuondoka.

Nyumbani, Kato aliingiza mkono mfukoni, akautoa, akaunusa. Kisha akanusa wa Wasswa. "Huu si wa Taata," alisema, akavua shati. Siku hiyo hakula. Siku ya pili akapata homa. Zahanati walisema ni malaria na kumpa dawa. Nnalongo alimnywesha dawa zote kama alivyoelekezwa, kisha akapanda gari kurudi Owino, kwa sababu malaria anaijua na hii anaijua pia.

Babirye anasimulia siku hiyo bila kujitetea. "Alinitupia mashati mezani mbele ya watu. Akasema, 'Babirye, wewe ni pacha au uliokotwa?' Nilitamani niingie chini ya cherehani. Safu yote ilisikia. Mzee huyu hapa ndiye aliyecheka."

"Nilicheka kwa uchungu," Mzee Ssempala anasema.

"Ulicheka kwa meno yote."

Mganda asiye pacha angeweza kukosea hivyo na akasamehewa. Yeye je? Jambo hilo lilimnyima raha siku nzima, na jibu alilolipata halikumfurahisha. "Mimi ni Babirye. Mkubwa anapewa kwanza, anaambiwa mwenzako naye atapata, anaondoka na chake. Hageuki kuangalia mwenzake alipata nini. Nakato ndiye anaangalia. Maisha yake yote anaangalia. Angekuwa Nakato amekaa kwenye kiti hiki, kosa hili lisingetokea."

Ndiyo maana asubuhi hii mashati yote mawili yamefumuliwa. Kipande cha mbele na cha nyuma amevikata katikati kutoka juu hadi chini. Kila mtoto atapata nusu ya kifua cha baba yake na nusu ya mgongo wake, vikiunganishwa na ukanda wa buluu. Hilo lilikuwa jepesi. Kilichobaki ni mfuko, na mfuko umechakaa kiasi kwamba ukiuinua unaona mwanga upande wa pili. Mkasi ukiteleza, hakuna kitambaa cha kurudia.

Babirye anaukunja mfuko mara mbili kutafuta katikati. Anaukunjua. Anakunja uso. Doa la mafuta halijakaa katikati. Limeegemea kulia, upande ambao kabalagala zilikuwa zinalala Ssalongo akitembea.

"Nnalongo, njoo uone. Nikigawa mfuko sawa, mmoja atapata doa karibu lote. Nikigawa doa sawa, mmoja atapata kitambaa kidogo. Nigawe mfuko au nigawe doa?"

Nnalongo anainama juu ya meza na kupitisha kidole ukingoni mwa doa. Mzee Ssempala ameacha zipu yake. Muuza maji anayepita anasimama, anaangalia, anaondoka bila kunadi.

"Gawa doa," Nnalongo anasema. "Mfuko ni kitambaa tu. Doa ndiye yeye." Kisha machozi yanamtoka na hayafuti.

Babirye anapima doa kwa uzi, anaukunja uzi nusu na kuweka alama kwa chaki. Sasa mikono yake haina wasiwasi tena. Anasukuma mfuko na gazeti chini ya sindano, anashona mstari mmoja kushoto kwa alama, mwingine kulia, ikiachana kiasi cha punje ya mchele, ili kitambaa kisivutike wala kufumuka. Anachana karatasi. Anachukua mkasi, na bila kupumua anakata kati ya mistari miwili, mara moja, moja kwa moja.

Vipande viwili vinalala mezani, kila kimoja na nusu ya doa. Anaviongezea kitambaa cha buluu, kimoja zaidi na kingine kidogo, mpaka mifuko miwili inalingana. Anaulaza mmoja juu ya mwingine na kuiinua kwenye mwanga. Mapindo hayapishani.

"Sasa kunywa chai," anasema.

"Imepoa."

"Ndiyo kazi ilivyokuwa ndefu. Mzee atakununulia nyingine, si alicheka."

Saa tisa mchana Nnalongo anarudi na wanawe wakiwa na sare za shule. Wote wawili wanapiga magoti kumsalimu Babirye. Wasswa anavaa shati lake mara moja na kuanza kurukaruka. Kato, aliyekonda shingo, analishika lake kwa mbali. Anaweka vidole viwili kwenye doa lake, anapima. Anamwendea Wasswa, anapima la kwake kwa vidole vilevile. Anarudi. Anaingiza pua mfukoni.

Watu wazima wanne wanamngoja mtoto wa miaka sita, na mmoja wao ana kalamu mkononi na amesahau kuandika.

Kato anavaa shati. Anafunga mikono kifuani kama fundi aliyekagua kazi ya mwenzake akaipitisha.

"Maama," anasema, "nina njaa."

Nnalongo anatoka karibu mbio kwenda kwa wakaangaji. Anarudi na kabalagala nne ndani ya gazeti, anawapa mbili mbili. Wavulana hawazili pale. Wanazitia mifukoni, zikiwa na moto, na Babirye anatazama mafuta yanavyoanza kupenya kwenye kitambaa cha buluu alichokishona saa chache tu zilizopita. Fundi mwingine angepiga kelele. Yeye anacheka mpaka anashika meza.

Wakishaondoka, anavuta droo. Ndani kuna bunda la lebo mpya alizochapishiwa Jumanne, siku moja baada ya Nnalongo kumtupia mashati. Zimeandikwa NAKATO NE BABIRYE, yaani Nakato na Babirye kwa Kiganda.

Anaeleza mpango wake akiwa anashona lebo ya kwanza kwenye mkoba uliofika Ijumaa. Meza ya upande wa kulia inaachwa wazi mwisho wa mwezi, na ameshaongea na mwenye nayo. Anataka pacha wake ahame Masaka, awe na cherehani yake na kiti chake, na kila mkoba ukiuzwa wagawane mbele ya mteja, nusu kwa nusu. Kwa miaka tisa Nakato amekuwa akifuma mikoba yenye jina la dada yake. Hajawahi kulalamika hata mara moja.

"Hakulalamika kwa mdomo," Babirye anasema. "Sasa najiuliza ni mara ngapi aliugua nikamtumia dawa ya malaria."

Nakato hajaambiwa. Ataiona lebo gunia la Jumatatu likifika, maana moja itashonwa mdomoni mwa gunia.

Mzee Ssempala ameichukua lebo, ameisogeza kwenye miwani, ameirudisha mezani. "Wamekukosea wachapaji," anasema. "Wamegeuza. Tangu dunia iumbwe Babirye ndiye anayeanza."

Babirye hainui macho kwenye sindano.

"Ameanza miaka arobaini na mitatu, Mzee. Mwache apumzike."