Kibao Shingoni

Kila Jumamosi asubuhi nawasaidia watoto wa Wakongo na wa Watanzania wenzangu kazi za shule katika ukumbi wa kanisa mtaani Glenwood, huku ugenini kusini mwa Afrika. Kamati ya wazazi iliweka sheria: atakayesema Kiswahili humo ndani anavishwa kibao chenye kamba, akae nacho mpaka amnase mwenzake akikisema. Nilikubali. Mimi mwenyewe nilikivaa utotoni kule Kigoma kwa kusema lugha ya nyumbani, na siku zote nimekisimulia kama kichekesho.

Mwaka huu walipewa kazi ya kuandika kuhusu shule za bweni za makanisa kule Kanada, ambako watoto wa wenyeji wa asili walipelekwa baada ya kuchukuliwa kwa wazazi wao, wakanyolewa, wakapigwa kwa kusema lugha ya kwao. Wengine hawakurudi. Nilipata tovuti yenye picha na sauti za walionusurika, nikaunganisha simu na spika ya kwaya. Mama mmoja mzee alieleza kwamba siku aliporudi nyumbani, nyanya yake alimkumbatia, naye hakuwa na neno hata moja la kumwambia.

Damu ilinichemka. Nikapiga meza, nikahutubia: watu gani hawa, wanasali asubuhi na jioni, halafu wanamfanya mtoto auonee haya ulimi wake? Niliwatukana vizuri tu, na nikajisikia mwalimu kwelikweli.

Msichana wa miaka kumi na mitatu, binti wa mwenyekiti wa kamati, akainua mkono. Kibao kilikuwa shingoni mwake. Aliuliza kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kama na hiki akiandike.

Nyani haoni kundule. Nilitamani ardhi inimeze, kisha nikakasirika upya, safari hii nikijijumuisha.

Baba yake, mwenyekiti mwenyewe, Mkongo fundi simu, alikuwa nje akipanga viti vya ibada. Nikamwambia kibao kiondoke leo leo.

"Eish, mwalimu, wacha drama," akasema. "Sisi wote tulivala hiyo. Tulikufa? Hapa bila Kingereza watapata kazi gani?"

"Kiingereza nitawafundisha mpaka wachoke. Binti yako anaongea na mama yako kwa lugha gani?"

Akakiweka kiti chini.

"Anamupungia mukono," akasema. "Kwa video. Mama anauliza kama mutoto iko mugonjwa."

Sikumhurumia. Nilimwambia hatukuvuka mipaka minne ili tuje tuwafanyie watoto wetu bure kazi ambayo wengine walilipwa mshahara kuifanya. Hakunizuia.

Nikarudi ndani, nikamvua binti kibao, nikakivunja gotini. Watoto wakacheka kwa woga. Nikamwambia kwa Kiswahili aniulize tena lile swali lake, kwa lugha yoyote aipendayo.

Akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akawatazama wenzake mmoja mmoja, aone ni nani atakayemshtaki.