Pete Mbili za Mkonge Kule Sagalla

Nilikuwa Voi, nangoja mkate dukani, simu ilipoingia na habari kwamba yule binti wa Sagalla aliyefundisha kemia chuo kikuu ametutoka. Nikatoka bila mkate. Hatukuwa marafiki wa kushinda pamoja. Alikuwa msomaji wa safu hii ya gazeti, na kwa miaka mitatu aliniomba jambo moja tu: niieleze kazi yake kwa Kiswahili chepesi, ili akija nyumbani amsomee mama yake. Nikasema nitaandika. Sikuandika. Kila wiki palikuwa na siasa, ukame, au ndovu walioingia mashambani.

Kazi yenyewe ilikuwa kutengeneza jeli, kitu laini kama uji uliopoa ukaganda. Nyuzi za jeli yake hazikupaswa kugundishwa pamoja, bali ziwe pete ndogo mno zilizopitana kama mnyororo, ili ivutike bila kukatika. Ncha mbili za kila uzi alizifunga ziwe pete kwa vipande vya DNA, ule uzi wa urithi ulio mwilini, kwa sababu herufi zake huchaguana: A hushika T, G hushika C, basi. Siku moja tulipokutana mjini nilimuuliza shida iko wapi. Akacheka kicheko cha mtu aliyechoka. "Zinajifunga mapema, kaka. Kila pete inashika mkia wake kabla haijapita ndani ya ingine. Nina pete nyingi, lakini jeli hakuna, ni maji tu. Na mama anadhani natengeneza dawa. Nimechoka kumwambia sivyo."

Wiki moja baada ya mazishi nilipanda Sagalla kwa bodaboda kumpa mama yake pole. Nilimkuta akisokota mkonge kwenye paja. "Mwanangu alikuwa anafanya kazi gani hasa?" akaniuliza. "Pale kaburini walisema mengi, sikushika hata moja." Nikachukua nyuzi zake, nikafunga pete moja, nikafunga na ya pili, kisha nikabaki na pete mbili zisizojuana. Kosa lile lile. Mama akanipokonya, akafungua moja, akaipitisha ndani ya nyingine ndipo akaifunga. Akavuta. Zikashikana.

"Hivi?"

"Hivyo, mama. Miaka yote alikuwa akitafuta hivyo."

Akazivuta tena. "Na mbona hakuniambia? Hii tungekaa tufanye na yeye."

Sidhani mkonge ungemsaidia maabara. Lakini wangekaa jioni moja, kila mmoja akaujua uchovu wa mwenzake, na mimi ndiye niliyeombwa kuwakalisha. Mtu akikuomba maneno, mpe angali hai. Haya nimeyaandika leo, na mama atasomewa na jirani.