Siraji ya Masizi ya Sufuria za Kilio

Swali lililoninyima usingizi lilikuwa hili: baba akisema uongo juu yangu, nami nimekaa hapo hapo nimenyamaza, uongo huo ni wa nani? Nililigeuza huku na huku. Nilijitetea kwamba mtoto hamkatizi baba yake mbele ya watu. Halafu nikajishtaki kwamba mimi si mtoto, nimesoma kemia chuo kikuu, Kasapa, hadi nikamaliza, na kinywa ninacho. Halafu nikaanza kujiuliza kama mtu anayejifanyia kesi kitandani, akawa mshtakiwa na hakimu, ana akili timamu. Kulikucha. Nilikuwa na hasira tu.

Yote yalianza na viatu. Sisi tunakaa mtaa wa Annexe, pembeni mwa mji, ndani kabisa, mahali ambapo njia ni udongo mwekundu mwaka mzima, vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Kila anayekwenda mjini anajua la kufanya. Unatoka nyumbani na sandali za plastiki, viatu umevibeba kwenye mfuko. Ukifika inapoanzia lami, unakaa juu ya jiwe, unanawa miguu kwa maji ya chupa, unaifuta, unavaa viatu. Mfuko wa sandali unamwachia mama anayeuza mikate pale kandokando, unauchukua jioni. Asubuhi utakuta watu kumi pale wameinama, walimu, karani, mafundi, kila mmoja anapangusa viatu vyake na hakuna anayemtazama mwenzake.

Nilifanya hivyo siku niliyoitwa kwenye ofisi moja ya mjini inayofanya kazi na migodi. Nilinawa, nikafuta, nikavaa. Lakini siraji, dawa ya viatu niliyokuwa nimepaka, ile ya kopo ya sokoni, ilikuwa grisi tupu, na grisi inapenda vumbi. Nilipoingia ndani ya ofisi, mishono ya viatu vyangu ilikuwa myekundu kama imechorwa kwa kalamu. Bwana aliyekuwa nyuma ya meza aliinama kidogo, akatazama chini, akatabasamu.

“Mademoiselle, ulikuja na mguu toka Likasi?”

Mwenzake alicheka; Likasi ni mji mwingine kabisa, mbali hata kwa gari. Yule bwana akafunga faili langu. Hakuniuliza hata swali moja la kemia. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote, hata yale ambayo hakuna mtu angeyauliza, ila nilikuwa sijajiandaa kwa hilo.

Nilirudi nyumbani. Njia nzima nilikuwa nikimjibu yule bwana majibu mazuri, makali, ambayo hatayasikia kamwe. Na katikati ya majibu hayo likaja wazo dogo, la kuudhi: siraji ni nini hasa? Ni nta, mafuta na weusi. Vitu vitatu. Nimesoma miaka yote ile, halafu nimefukuzwa kwa sababu ya vitu vitatu.

Nta haikunisumbua. Wapo watu wanaoleta asali kutoka msituni na kuiuza kwenye chupa barabarani. Wakishakamua, masega wanayatupa. Niliyaomba, nikayafunga kwenye kitambaa, nikayachemsha ndani ya maji. Takataka zikabaki kwenye kitambaa, nta ikaelea juu, ikapoa, nikaitoa kama sahani ya njano.

Weusi ulinipa shida zaidi. Nilisaga makala, makaa yetu ya kupikia, lakini makala hata ukiyasaga vipi yanabaki na punje, na punje zinakwaruza ngozi. Nilihitaji masizi, na nyumba inayopikia makala haina masizi. Isipokuwa sisi. Mama ana sufuria kubwa ambazo mtaa mzima unaziazima kukiwa na kilio. Mtu akifa, watu wanakesha kwa wafiwa, wanahitaji kula, na chakula cha watu wengi kinapikwa nje, kwa kuni. Zile sufuria zinarudi nyumbani nyeusi tii. Mama husugua ndani hadi zing'ae. Nje haangaiki napo.

“Kwangua tu,” aliniambia nilipomwomba. “Masizi haina mwenyewe.”

Nilikwangua kwa kijiko, nikachekecha kwa kitambaa chake cha kichwa kilichochakaa. Ulitoka unga laini kuliko poda.

Mafuta ndipo nilipokosea, na nilikosea kama mtu wa kwetu. Nilichukua mawese kwa sababu ndiyo yaliyokuwa jikoni, ya kupikia sombe, kisamvu chetu. Ulikuwa mwezi wa sita, asubuhi zetu za baridi kali, na mawese yaliganda ndani ya siraji kwa madonge madonge. Nikapaka hivyo hivyo. Jua lilipopanda, viatu vikaanza kutoa jasho. Mama wa mikate alinusa, akanusa tena.

“Dada, biatu yako inanuka sombe! Kitunguu uliweka?”

Watu wote waliokuwa wanavaa viatu walicheka, na mimi nikacheka nao, kisha nikakaa siku nzima nikifikiria kama wananicheka bado.

Nikajaribu mafuta ya mbono, yale ambayo wanawake wanapaka nywele. Hayagandi ovyo, na yanaingia ndani ya ngozi. Niliweka bati dogo ndani ya sufuria ya maji juu ya mbabula, jiko letu la makala, nta ikayeyuka taratibu, nikamimina mafuta, nikakoroga masizi. Nta ikizidi, siraji inakuwa ngumu na kupasuka kwa baridi. Ikipungua, inalainika kwa joto na kukamata vumbi. Nilianika bati juu ya mabati ya paa saa sita mchana, nikaliacha uani alfajiri, niijaribu kwa jua na kwa baridi. Nilianza upya mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Mwishowe nilipata ile iliyokuwa inakaa. Unapaka kidogo, unasubiri, unapiga brashi, unamalizia na kitambaa, na vumbi likitua juu yake, unalipuliza linaondoka.

Viatu vya kwanza nilivyovipaka vizuri vilikuwa vya baba. Anavyo vya kuendea misa tu, vya tangu alipokuwa akifanya kazi ya reli, na ngozi yake ilikuwa imekauka kama gome. Jumapili ile aliondoka navyo vikiwaka. Sikumwambia kitu, nilitaka avione mwenyewe.

Jioni wazee wa shirika letu walikuja kusali nyumbani. Shirika ni zile familia za Kikatoliki za mtaa mmoja, zinasali pamoja, zinazikana, na zinajua kila kitu cha kila nyumba. Mmoja wao, mzee mjane mwenye sauti nzito ambaye sisi watoto wa mtaa tunamwita papa, yaani baba, alimtazama baba miguuni.

“Mwenzangu, biatu hii uliinunua lini?”

“Ni ya zamani,” baba alisema. “Siraji njo mupya. Mutoto wangu aliileta ku kazi yake. Inatoka Afrika ya Kusini.”

Nilikuwa nimeshika trei ya vikombe. Nilisubiri baba acheke. Hakucheka. Niligundua kitu kingine pia, nikakigundua kwa kuchelewa kama kawaida yangu: hakuna aliyeshangaa kusikia kwamba nina kazi. Walikwishaambiwa. Kumbe kwa wazee hawa mimi nilikuwa na ofisi mjini, tangu lini sijui, na kila asubuhi niliyokuwa napita na mfuko wangu wa viatu kwenda kuomba kazi, walikuwa wananisalimia kama mtu anayeiendea.

“Utatuletea na siye, mwana wa biro,” yule papa aliniambia. Biro ndiyo ofisi.

Nikasema ndiyo, papa. Nilisema hivyo! Nikaweka trei mezani.

Nilimpelekea yule papa bati moja dogo, bila neno, nikijiambia kwamba bati si uongo. Baada ya siku chache baba aliingia uani wakati nakoroga. Alikuwa na mfuko. Alitoa makopo ya siraji ya kutoka nje, matupu, yameoshwa, maandishi ya Kiingereza yakiwa yamebaki juu ya vifuniko. Alikuwa ameyatafuta sokoni.

“Weka humu,” alisema. “Bazee banauliza.”

“Baba, hii imetengenezwa hapa. Kwa sufuria za mama.”

“Njo sababu nakwambia uweke humu. Nani atapaka masizi ya kilio ku mguu yake? Unataka baseme tunauzisha batu benye kufa?”

“Na biro? Biro nayo niiweke kwenye kopo?”

Sikuwahi kumsemea baba hivyo. Mama, aliyekuwa akitwanga kando yetu, aliacha.

“Nilikusomesha,” baba alisema polepole. “Nilisimama kanisani, nikashukuru, watu wakapiga makofi. Sasa niwaambie nini? Kwamba mwenye diploma anapika siraji mu kiwanja, karibu na kuku?”

“Waambie hivyo hivyo!”

Alichukua kopo moja, akaliweka karibu na mbabula, taratibu, kama mtu anayemwekea mgonjwa chakula. Kisha akaondoka. Ningependa angepiga kelele. Mtu akikupigia kelele unajua pa kusimama.

Ndipo ukaja usiku ule wa maswali. Nikisema ukweli, baba anabaki mwongo mbele ya watu watakaombeba siku atakapokufa. Nikinyamaza, yule bwana wa ofisini ameshinda mara mbili: alininyima kazi, na kazi niliyojitafutia mwenyewe nayo inaitwa ya watu wengine, ya nchi nyingine. Niliwachukia wote wawili kwa zamu. Halafu nilijichukia mimi, kwa ile trei, kwa ile ndiyo papa. Lakini hasira yangu ilirudi kila mara kwenye yale makopo. Baba alikuwa ameyaosha mwenyewe. Alikuwa amekaa mahali akasugua kopo la mtu mwingine ili afiche mikono yangu.

Jumapili niliamka kabla yao. Nilichukua siraji yangu kwenye mabati ya nyanya niliyoyabandua karatasi, brashi, vitambaa na kigoda, nikaenda inapoanzia lami. Nilikaa karibu na mama wa mikate. Aliangalia vitu vyangu.

“Leo unahamia?”

“Leo nauza.”

“Ile ya sombe?”

“Kula mkate wako, mdomo upumzike,” nilimjibu, akacheka hadi akashika ubavu.

Watu wa misa walianza kufika. Nilikuwa nimeandaa hotuba tatu, ya upole, ya ukali na ya kuomba radhi. Baba alitokea na yule papa mjane, wote wawili na sandali, viatu mfukoni. Baba aliponiona alisimama. Mwenzake alikuja moja kwa moja.

“Eh, mwana wa biro! Na siku ya Mungu banakutumikisha?”

Hotuba zote tatu zilipotea.

“Biro hakuna, papa. Haijawahi kuwapo. Natafuta kazi, sijapata. Siraji hii haitoki Afrika ya Kusini, naitengeneza nyumbani. Ni nta ya nyuki, mafuta ya mbono na masizi. Masizi natoa kwenye sufuria za mama, zile za kilio. Hata ile niliyokupa.”

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Watu waliokuwa wananawa miguu waliinua vichwa. Mmoja aliyekuwa ameshika bati langu alilirudisha chini, akafuta vidole kwenye nyasi. Sikumtazama baba.

Yule papa alitoa viatu vyake mfukoni, akavigeuza juu chini.

“Zile sufuria kubwa? Zenye mushikio imevunjika?”

“Moja, ndiyo.”

“Kwa kilio ya muke wangu balipikia mule.” Alikaa juu ya jiwe, akanawa miguu, akavaa viatu bila haraka, akafunga kamba. “Nilikula ugali ya mule siku zote zile. Sasa nitaogopa masizi yake?” Akaweka mguu mbele yangu. “Paka. Lakini uongo muliniuzisha, weye na baba yako. Hiyo nitaisema mu shirika.”

“Sema, papa.”

Nilipaka. Bado nilikuwa na hasira, na yeye, na baba, na bwana wa ofisini, na yule aliyefuta vidole. Baba alikuwa amekaa kwenye jiwe la mbali, ametugeuzia mgongo, anavaa viatu. Alipomaliza alisimama.

“Tunachelewa misa,” alisema, hakusema na nani. Akatangulia peke yake juu ya lami, na viatu vyake viling'aa kwa siraji yangu hadi alipopinda kona.

Yale makopo ya Kiingereza nilikuwa nimeyaacha nyumbani juu ya kiti cha baba, yamerudishwa ndani ya mfuko wake. Yule papa alipoondoka, alikuja mwalimu mmoja, akachukua bati, akalinusa. Kabla hajauliza kitu, nilimwambia siraji hiyo imetengenezwa na nani, wapi, na masizi yametoka kwenye sufuria zipi.