Nassoro, Jana Nimeusikia Mwisho Wake

Akili yangu bado inakataa. Nassoro wa Kanyenye, fundi wa sauti, rafiki yangu tangu enzi za vijiji vya Ujamaa, tumemzika jana.

Wengi mnamjua kwa kile kisa changu na mama mkwe. Kila harusi alikisimulia, na kila harusi nilitoka nje kwa aibu. Leo ngoja nikisimulie mwenyewe.

Alikuja kijijini kwetu, Sikonge, kwa baiskeli. Rekoda mgongoni, na maiki mbili kazishonea kwenye kofia, moja kila sikio. Tulimcheka, wee!

"Ukivaa hedifoni utasikia kama nilivyosikia mimi," akasema. "Cha mbele utakisikia mbele, cha nyuma nyuma."

Mimi ndiye niliyebisha kuliko wote. Sauti itakaaje nyuma ya mtu? Acha uongo!

Basi akazunguka kijiji akirekodi, kisha akanivalisha hedifoni mbele ya mkutano mzima. Mimi huyo nimekaa kwenye benchi, natafuna kiazi kwa madaha.

Kuku wakalia kushoto. Watu wakatwanga upande wa kulia. Mara, nyuma yangu kabisa, mama mkwe: "Hivi mkwe wangu naye yumo?"

Jamani! Kwetu Wanyamwezi mama mkwe unampisha njia. Kula mbele yake ndiyo usiombe. Na ndoa yenyewe ilikuwa bado mbichi.

Nikatema kiazi, nikaruka benchi, nikatimua mbio hadi kwenye tumbaku, hedifoni kichwani, waya umekatika. Mama wa watu yuko kwake anapepeta mahindi!

Kijiji kilicheka mpaka watu wakakaa chini. Nikajificha shambani, nikijua wakwe watamchukua binti yao. Hawakumchukua, na mimi sikuuliza kwa nini. Aibu ilinifunga mdomo.

Harusi ya mwisho tuliyokuwa pamoja, nilipoinuka tu, Nassoro akaniita: "Shija, ngoja mwisho wake basi!" Sikugeuka.

Jana baada ya mazishi, nikiwa bado nakula, binti yake Zuhura akaniwekea hedifoni. "Baba mkubwa, hii baba alirekodi siku ile ile, ulipokimbia."

Kumbe Nassoro alikwenda kwa mama mkwe kuniombea radhi, na kofia yake kichwani. Safari hii sauti ya mama ilikuwa mbele yangu. Nikaweka sahani chini, nikainamisha macho.

"Mtu anayenikimbia hata nisipokuwepo," mama akasema, "huyo ndiye mkwe. Mwambieni arudi ale."

Mke wangu anasema alidhani najua. Nyote mlijua! Nyote mliokuwa mnabaki ndani.

Miaka yote hiyo nilidhani unanianika, Nassoro, kumbe ulikuwa unanisifu. Naona aibu, ndugu yangu, na hii ya leo siwezi kuikimbia.

Halafu, kwenye rekodi ile, ukacheka, pale pale katikati ya masikio yangu. Nikasikiliza mpaka tepu ikaisha.

Lala pema, fundi. Safari hii sikutoka.