Doa Jeusi Ukingoni mwa Kiini

Nilianza kununua korodani za mbuzi mwaka ule mume wangu aliponiacha na kwenda Kalima. Mchinjaji wa soko la Kindu, Mwislamu mpole, alikuwa akizifunga kwenye jani la mgomba bila kunitazama usoni. Siku moja kunyamaza kulimshinda.

“Sitwayeni,” akaniita, yaani raia, kama serikali ya wakati ule ilivyotuamuru kuitana, “hii njo dawa ya kurudisha bwana?”

“Hapana, baba. Njo kazi ya masomo.”

Hakuniamini. Majirani zangu mtaani Alunguli pia hawakuamini.

Nilikuwa mwalimu wa biolojia, mgeni kutoka Kasai, mama wa mabinti wawili. Mume wangu alitaka mtoto wa kiume. Mama yake alisema tumbo langu linajua wasichana tu. Nilimweleza kwamba kromosomu Y, inayoleta mtoto wa kiume, hutoka kwa baba peke yake.

“Vitabu vyako havizae mutoto,” alinijibu.

Yeye na mwanawe walipoondoka, waliwachukua hata wale wasichana wasiowataka, kwa kuwa watoto ni wa ukoo wa baba.

Basi baada ya masomo nilibaki maabara, kwa sababu nyumbani kulikuwa kimya mno. Zamani, chuoni Kisangani, profesa wetu alitufundisha kwamba mbegu za kiume zinapotengenezwa, X na Y haziungani urefu mzima kama jozi nyingine za kromosomu. Hugusana nchani tu, kisha hujikunja ukingoni mwa kiini cha seli, zimefunikwa na protini ambazo wakati ule hatukuzijua majina. Nitrati ya fedha huzitia weusi. Kabatini mwa shule ilibaki kidogo.

Majuma mengi niliharibu vioo vya hadubini nikipaka juu yake seli za zile korodani. Halafu alasiri moja nililiona: doa jeusi, dogo, pembeni kabisa. Niligeuka niseme, “Ona!” Mbele yangu kulikuwa na madawati matupu.

Likizo kubwa, binti yangu mkubwa aliruhusiwa kuja. Nilimkalisha kwenye hadubini.

“Mama, njo nini ile nyeusi?”

“Protini. Ziko juu ya X na Y.”

“Zinafanya nini pale?”

“Hatujue bado.”

Alitazama muda mrefu. “Baba anasema unafanya uchawi.”

“Na wewe unasema nini?”

“Ngoja, sijamaliza kuangalia.”

Nilitoka nje ili asinione nikilia.

Jumamosi lori lilimrudisha Kalima. Nilikaa Kindu miaka sita mingine. Alikuja mara mbili tu.